Dawa za masika zifike kabla ya mvua

Barua ya wazi kwa wakuu wa Wizara ya Afya, wakuu wa mikoa na wilaya, mabaraza ya miji, halmashauri na wenye dhamana ya maji, Unguja na Pemba

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum.

Tunaandika sisi tunaofanya kazi vituoni na kwenye shehia: wauguzi, watoa dawa, na wahudumu wa afya wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba. Jambo letu ni moja, nalo ni kalenda.

Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza 1 Julai na kufungwa 30 Juni. Masika yanaingia Machi, yanakolea Aprili na Mei, kisha kinafuata kipupwe na upepo wa kusi. Maana yake ni kwamba robo ya nne ya bajeti, wakati mafungu yameshaliwa na kila afisi inangoja mwaka mpya, ndiyo robo ambayo watoto wanaharisha, wenye pumu wanabanwa na wenye sikoseli wanalia mifupa. Majumbani hesabu ni hiyo hiyo. Mwani haukauki mvuani, na ukirowa baada ya kuanikwa hupoteza rangi na bei. Dagaa wa kuanika wanaoza. Kusi likichafuka, mitumbwi na ngalawa zinalala pwani. Karafuu bado hazijafika kuchumwa. Maradhi yanapanda pale pale mfuko unaposhuka, juu Serikalini na chini kwenye familia, na hapo ndipo mgonjwa anapopewa karatasi akanunue dawa nje.

Tuanze na namna vituo vinavyoagiza dawa, kwa sababu hapo ndipo penye kosa la hesabu linaloweza kurekebishwa bila ya kuongeza hata shilingi moja.

Maagizo mengi hufanywa kwa wastani wa mwezi. Tuseme kituo kimetumia pakiti 720 za ORS, ule unga wa chumvi na sukari anaochanganyiwa maji anayeharisha, kwa mwaka. Ukigawa kwa 12, wastani ni 60. Basi kwa robo ya Aprili hadi Juni kinaagizwa 180, na kwenye karatasi kila kitu kinapendeza. Lakini mahitaji ya kweli ya kituo hicho ni kama 110 kwa Aprili, 140 kwa Mei na 80 kwa Juni, jumla 330. Ukitoa 110 za Aprili zinabaki 70. Sabini hizo zinakwisha katikati ya Mei, mwezi mbaya kuliko yote, na agizo jipya haliji mpaka robo ijayo. Januari na Februari, kinyume chake, pakiti zilikuwa zimejaa kabatini. Dawa kwa mwaka mzima zilitosha. Zilikosa mwezi wake tu.

Kuna ubaya mwengine ndani ya ubaya huo. Mwezi ambao dawa haipo, daftari la stoo linaandika kuwa imetumika sifuri. Sifuri hiyo ikiingia kwenye wastani wa mwaka ujao, inaushusha, na agizo linalofuata linakuwa dogo zaidi. Kituo kilichoishiwa mara nyingi ndicho kinachopelekewa kidogo. Dawa yake ni kuandika idadi ya siku ambazo stoo ilikuwa tupu, kisha kugawa matumizi kwa siku ambazo dawa ilikuwepo, siyo kwa siku zote za mwezi. Mtoa dawa yeyote anaweza kuifanya hesabu hiyo kwa kalamu, akiambiwa kwamba inatakiwa.

Tunachoomba: agizo la Machi hadi Juni lipigwe kwa matumizi ya miezi hiyo hiyo ya mwaka uliopita, yaliyosahihishwa hivyo, na mzigo uwe umeshafika kituoni kabla Februari haijakwisha. Baada ya hapo barabara za ndani zinakatika, na visiwa vidogo kama Kojani, Fundo, Makoongwe na Kisiwa Panza vinangoja bahari itulie. Sanduku lililokwama bandarini Mkoani halimsaidii mtoto wa Kisiwa Panza.

ORS yenyewe tuiseme kidogo, maana inaonekana jambo dogo na ndipo watoto wengi wanapopotea. Pakiti imepimwa kwa lita moja ya maji safi. Chupa nyingi zilizomo majumbani ni za nusu lita au za lita moja na nusu. Mama akimimina pakiti nzima kwenye nusu lita, maji yanakuwa na chumvi kupita kiasi na yanaweza kumdhuru mtoto. Akiimimina kwenye lita moja na nusu, yanakuwa mepesi na hayarudishi kinachopotea. Wengine wanaigawa pakiti nusu leo nusu kesho ili idumu, na unga uliobaki unavuta unyevu. Ajaze chupa mbili za nusu lita, zimiminwe kwenye chombo kimoja safi, pakiti yote itiwe humo, na kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Mtoto aliye chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe kila baada ya kuharisha. Mkubwa kidogo, nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, angojewe dakika 10, halafu aanzwe tena kwa kijiko, polepole. Pakiti ikikosekana, kwa lita moja ya maji safi vinatiwa vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi. Kwenye chumvi asikisie mtu kwa vidole.

Pamoja na ORS iende zinki: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14. Wazazi wengi huiacha siku ya tatu kwa kuwa kuharisha kumekatika. Mhudumu aseme wazi kwamba siku zilizobaki ndizo zinazomkinga mtoto asirudie wiki zijazo. Na vituo visizoee kutoa ORS peke yake kwa hoja kwamba zinki imekwisha. Viwili hivyo viagizwe kwa jozi, viishe kwa jozi.

Sasa maji. Mvua kubwa ikinyesha, visima vinabadilika rangi na makaro yanafurika. Kanuni ya kawaida ni choo kukaa angalau mita 30 kutoka kisimani, lakini upande wa maweni, kama Micheweni na mashariki ya Unguja, mita 30 hazina dhamana, kwa sababu mwamba wa matumbawe umejaa nyufa na uchafu hupita humo bila ya kuchujwa na udongo.

Tunaona kila mwaka visima vikitiwa klorini, na tunashukuru. Tunaomba tu itiwe kwa kipimo. Kinachotakiwa ni kujua kisima kina maji kiasi gani: nusu ya upana, mara yenyewe, mara 3.14, mara kina cha maji. Kisima chenye upana wa mita 1.2 na maji ya kina cha mita 3 kina takriban lita 3,400. Kukiosha kisima hicho kwa miligramu 50 kwa lita kunataka gramu 240 hivi za klorini ya chengachenga yenye nguvu ya asilimia 70. Ikorogwe kwanza kwenye ndoo ya maji, aliyeikoroga akiwa amevaa glavu na amesimama pahala penye hewa, ndipo imiminwe. Watu wasiteke kwa saa 12 hadi 24, kisha maji yavutwe na kumwagwa mpaka harufu kali iondoke. Unga ukirushwa mkavu unazama chini na kukaa huko.

Lakini hata ikifanywa sawasawa, kuosha kisima ni kazi ya siku moja. Maji yakishavutwa, klorini imekwenda nayo, na mvua ya keshokutwa inaingiza uchafu upya. Picha ya ofisa akimimina klorini haimlindi mtu wiki ya pili. Kinacholinda ni dawa ya maji iliyomo ndani ya ndoo ya nyumbani. Kwa familia yenye kipato kidogo dawa ya vidonge ni nafuu kuliko kuchemsha, kwa vile makaa ya kuchemshia maji ya kunywa ya watu sita au saba kila siku yanakula fedha ya mboga, na masika yenyewe hupandisha bei ya makaa na kurowesha kuni. Njia ya kuanika chupa juani nayo, inayotaka saa sita za jua kali, haitegemeki wakati wa mawingu mazito. Wapo wanaoifundisha Mei kama wanavyoifundisha Januari, na hilo ni hatari.

Maji ya masika yana tope, na tope linakula klorini. Kwa hiyo yaachwe yatuame, yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, ndipo kidonge kitiwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na ndoo ifunikwe kwa dakika 30 kabla ya kunywewa. Yakiwa bado yana ukungu baada ya kuchujwa, dawa iwe mara mbili. Kidonge cha lita 20 kisitiwe kwenye ndoo ya lita 10, na cha lita 5 kisitiwe kwenye dumu la 20. Dukani vinafanana, na anayeuza mara nyingi hajui tofauti. Kila shehia ipewe kipimo kimoja cha klorini, kile ambacho maji yanageuka rangi ya waridi, na mhudumu apime ndoo kumi kwa wiki. Ikisoma chini ya miligramu 0.2 kwa lita, nyumba hiyo haina kinga, hata kama mwenyewe anasema ametia dawa.

Pumu ndiyo inayotukera zaidi, kwa sababu vifaa vyake ni rahisi na bado watu wanalazwa. Nyumba iliyovuja inaota ukungu ukutani na kwenye magodoro, nguo mbichi zinaanikwa ndani, milango inafungwa, na kuni zilizorowa zinafuka moshi humo humo. Mtoto anaanza kukohoa usiku. Akifika kituoni anapewa bomba la salbutamol, dawa ya kuvuta ya kufungua kifua, anapuliza moja kwa moja mdomoni, na sehemu kubwa ya dawa inagota kooni. Mama anaona haifanyi kazi, anapuliza tena na tena, na bomba la mikupuo 200 linakwisha upesi.

Kinachokosekana ni chupa ya kuweka kati ya bomba na mdomo. Utafiti uliofanyika Cape Town na kuchapishwa 1999 ulionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyozibwa vizuri pale bomba linapoingia, inamfikishia mtoto dawa sawa na kile kifaa cha kununua. Kikombe cha plastiki kilifanya vibaya kuliko vyote, na chupa isiyozibwa ilikuwa katikati. Kuziba ndiyo kazi yenyewe.

Inatengenezwa hivi. Chukua chupa ya nusu lita, tupu, isiyonuka. Pinda waya ufuate umbo la mdomo wa bomba, upashe moto, uchome nao tundu kwenye kitako cha chupa. Tundu liwe dogo kidogo kuliko mdomo wa bomba ili uingie kwa kubana. Kata chengachenga za plastiki, zisije zikavutwa kifuani. Osha chupa kwa maji ya sabuni ya vyombo, usiisuuze wala usiifute, iache ijikaushe yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa plastiki inapata umeme unaonata dawa kwenye kuta zake. Ingiza bomba, zungushia plasta mpaka pasivuje. Tikisa bomba, mtoto aweke midomo kwenye shingo ya chupa, bonyeza mara moja tu, avute na kutoa pumzi mara tano au sita bila ya kuondoa mdomo. Halafu tikisa tena kwa mkupuo wa pili. Wanaobonyeza mara nne kwa mpigo wanaipoteza. Mtoto mchanga asiyeweza kushika shingo ya chupa anahitaji kinyago, na hicho lazima kituo kiwe nacho.

Chumba cha pumu katika kila kituo kinahitaji waya, jiko, plasta na chupa tupu za maji, ambazo zimejaa mitaroni. Kinahitaji pia dawa ya kinga ya kuvuta kila siku, siyo ya kutuliza pekee. Mgonjwa anayetumia bomba la kutuliza zaidi ya mara mbili kwa wiki hajadhibitiwa, na kumwongezea bomba jengine la aina ile ile ni kumrudisha nyumbani na tatizo lake. Tunaomba dawa ya kinga ihesabiwe miongoni mwa dawa za lazima za masika.

Na nimonia isichanganywe na pumu. Mhudumu ahesabu pumzi kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia na hanyonyi: pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 kwa wa miezi miwili hadi kumi na mbili, 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, ni hospitali, hakuna kungoja asubuhi. Wahudumu wengi hawana saa yenye mkono wa sekunde, na simu ya kazi ikiishiwa chaji hesabu inakuwa ya kukisia.

Usiku wa mvua yanaingia majiko ya makaa vyumbani, kwa kukausha nepi na kumpasha moto mzazi na kichanga chake. Makaa yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi mzito, na aliyelala hazioni. Litangazeni hilo redioni na misikitini kabla ya Aprili. Mtoto aliyezaliwa mdogo hahitaji jiko. Avuliwe, abakishiwe nepi, avalishwe kofia na soksi, alazwe kifuani pa mama ngozi kwa ngozi katikati ya matiti, afungwe kwa kanga mbili kavu, na asikogeshwe kwa saa 24 za mwanzo. Mama akichoka, baba au bibi ashike zamu. Wodi za wazazi ziwe na kanga za akiba na kofia, kwa kuwa anayetoka kijijini kwa bodaboda usiku wa mvua hufika nguo zake zikiwa zinachuruzika.

Kwa wenye sikoseli ombi letu la kwanza halina gharama na linakwenda Wizara ya Elimu. Baridi, nguo zilizorowa na kutokunywa maji ndivyo vinavyoamsha maumivu. Mtoto huyo aruhusiwe kuvaa sweta lolote juu ya sare, abadilishe nguo afikapo skuli, awe na chupa ya maji darasani, na atoke kwenda chooni bila ya kuomba mara tatu. Vituo navyo viwe na foliki asidi, na penisilini ya kila siku, mara mbili, kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Homa ya 38 kwa mtoto wa sikoseli ni dharura ya siku hiyo hiyo. Asiandikiwe panado akarudishwa.

Malaria hatutairefusha. Imeshuka sana visiwani mwetu, lakini mbu huongezeka baada ya mvua, na homa zote za Juni zipimwe kwa kipimo cha haraka kabla ya kupewa jina jengine.

Tubakie kwenye nauli. Dawa ya presha au sukari kituoni ni bure, tangu huduma za afya zilipotangazwa kuwa bure Zanzibar mwaka 1965. Safari ya kuifuata siyo bure. Mzee anayepanda gari ya shamba kila mwezi kuchukua vidonge vya siku 30, na mara nyengine kuambiwa arudi wiki ijayo, ataacha kuja mvua ikianza. Presha haiumi, basi haoni alichopoteza mpaka apooze upande. Mgonjwa aliyetulia apewe dawa za miezi mitatu mwanzoni mwa Machi, zitakazomvusha mpaka Juni. Jumla ya vidonge ni ile ile; ni kuvitoa mapema tu. Wanaotumia insulini wasihusishwe na hilo bila ya kuulizwa wana friji au hawana. Chupa isiyofunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8, na mtungi wa mchanga mbichi, unaosaidia penye hewa kavu, haupozi vya kutosha wakati wa unyevunyevu wa masika. Kwa hao, kituo cha karibu kiwatunzie chupa kwa majina, waje kuchukua moja moja.

Pencheni Jamii ilianza Aprili 2016 kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, ikiwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na imepandishwa hadi 50,000. Katika nyumba nyingi fedha hiyo ndiyo nauli ya mjukuu kwenda hospitali. Malipo ya Aprili na Mei yasichelewe hata wiki moja, na pahala pa kulipia pasiwe mbali na kituo cha afya, ili safari moja ifanye kazi mbili.

Haya yote yanataka fungu lisiloguswa. Tunaomba bajeti itakayojadiliwa Baraza la Wawakilishi itenge tangu Julai sehemu ya fedha za dawa, dawa ya maji na mafuta ya magari na boti za wagonjwa, ifungwe mpaka Februari, na isihamishiwe semina wala maadhimisho. Na kila kituo kibandike mlangoni ubao wenye mistari sita: ORS na zinki, amoksilini ya watoto (dawa ya nimonia), salbutamol, dawa ya pumu ya kinga, dawa za presha, dawa ya maji, mbele ya kila mstari idadi iliyopo, tarehe ya kuhesabiwa, na namba ya simu ya ofisi ya wilaya inayohusika na stoo. Ubao huo usomwe na sheha kila Jumatatu, na nakala iende kwa Mkuu wa Wilaya.

Hesabu za matumizi ya masika yaliyopita ziko kwenye madaftari yetu, zikiwa na siku zilizokuwa tupu. Tuko tayari kuzileta Chake Chake au Mjini, siku mtakayotutajia, ilimradi iwe kabla ya maagizo ya robo ya tatu kufungwa.

Wenu katika kazi,

Wauguzi, watoa dawa na wahudumu wa afya wa kujitolea, Unguja na Pemba